Bonde la Wakwe

"Maji hayo unayokunywa ni ya mvua ya mwaka gani?"

Aliyeniuliza ni bibi yangu, mama yake mama, na siku yenyewe naikumbuka, mwanangu, kuliko siku nyingi zilizokuja baadaye. Ilikuwa mwezi wa tisa, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu pale Morogoro Mjini, nimesomea kilimo, na sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kuulizwa kitu nikanyamaza. Nilikuwa nimepanda Mgeta, kwetu milimani, na kijana aliyetaka kunioa, jina lake Damiani, ili Bibi amwone. Lori lilituacha mwisho wa barabara, tukapanda kwa miguu, na tulipofika chemchemini tulimkuta Bibi na ndoo yake. Tukampa shikamoo. Akaitikia, akakinga kikombe cha bati kwenye mwanzi unaotoa maji, akanipa mimi kwanza. Maji yalikuwa ya baridi mpaka meno yaliuma. Ndipo akauliza.

"Ya masika iliyopita, Bibi," nikasema.

"Uliyaona yakiingia ardhini?"

"Hapana, lakini mvua ya mwisho kunyesha..."

"Basi hujui." Akachukua kikombe, akamkingia Damiani. "Mume wetu, huyu hajui na amejibu. Una kazi."

Damiani alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Usiku mzima nilikuwa natafuta namna ya kuthibitisha kwamba swali lenyewe halina maana, na hiyo, mwanangu, ndiyo tabia niliyokuwa nayo: swali nisilolijua nililiona ni kosa la aliyeuliza.

Nikueleze kwanza mahali penyewe. Kitongoji chetu kimekaa ubavuni mwa mlima, nyumba moja juu ya nyingine, kiasi kwamba ukimwaga maji mlangoni kwako jirani wa chini anajua umeosha vyombo. Chemchemi ni moja. Watu wote wa pale walikunywa hapo, wakaoga hapo, na kiangazi walimwagilia hapo vitalu vyao vya karoti na njegere. Mto upo, lakini uko chini kabisa, na kupandisha ndoo kutoka kule ni kazi ya magoti yenye nguvu.

Bibi alikuwa na kipimo chake cha chemchemi. Alitega ndoo kubwa chini ya mwanzi na kuanza kusali. Mwaka mzuri, hata katikati ya kiangazi, ndoo ilijaa kwa Salamu Maria tatu. Nilipokuwa mwanafunzi nilikicheka kipimo hicho, nikavua saa yangu ya mkononi nikasimama pembeni yake siku tatu mfululizo kumwonyesha kwamba sala haiwezi kuwa kipimo. Siku zote tatu alimaliza sala ya tatu ndoo ikifurika. Nikavaa saa yangu tena.

Juu ya chemchemi, mwendo wa dakika kumi hivi kupanda, mlima umejikunja ukaacha kibonde cha tambarare. Kwetu tambarare ni mali, kwa sababu mashamba mengine yote yanalala ubavuni na mkulima analima huku amejishikilia. Lakini kibonde hicho hakikulimwa. Kilikuwa cha ukoo wa mama, maana kwetu Uluguru ardhi hufuata mama, na ukoo wetu ulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine: kijana akija kuoa binti wa ukoo, kabla hajakabidhiwa mke, anapewa jembe na sururu na kupelekwa kibondeni kuchimba shimo moja, upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kina cha kiuno chake mwenyewe. Akimaliza, shimo linaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana pakaitwa Bonde la Wakwe.

Yalikuwepo mashimo zaidi ya ishirini, na kila moja lilikuwa na habari zake. La Patrisi lilikuwa fupi, na mpaka leo mtu mvivu kwetu anaambiwa ana kiuno cha Patrisi. La fundi mmoja wa Ngerengere lilikuwa limepinda kwa sababu alikutana na jiwe na akakataa kuhama. La babu yangu, mume wa Bibi, lilikuwa katikati ya bonde, pana kuliko yote. Alilichimba siku alipokuja kumwoa, kabla mama yangu hajazaliwa wala kufikiriwa. Masika, maji ya mlimani yalishuka yakaingia kwenye mashimo hayo, yakatulia siku mbili tatu, kisha yakapotea. Utotoni nilimuuliza Bibi yanakwenda wapi. Alisema yanakwenda kulala.

Sasa basi. Tulipofika nyumbani siku ile, Bibi alimtazama Damiani mikono yake, akaniuliza, "Huyu mume wetu anajua kushika sururu?"

Damiani alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Kilosa, mpole. Akasema, "Nionyeshe tu mahali, Bibi."

Mimi nikasema hapana. Nikasema mbele ya watu, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba hakuna mwanamume atakayeninunua kwa shimo, kwamba kumdhalilisha mgeni kwa kumchimbisha matope ni mambo ya zamani, na kwamba sisi tutafunga ndoa kanisani na inatosha. Bibi hakubishana. Alisema, "Nimesikia," akaendelea kuchambua njegere.

Laiti ningeishia hapo. Lakini Mjomba Kosmasi, mtoto wa kiume wa Bibi, alikuwa amekaa pale barazani, na maneno yangu yalimfurahisha kuliko nilivyojua. Miaka ile ilikuwa miaka ya ruksa, mwanangu. Zamani mboga zilipitia ushirika, zikasubiri, zikaoza. Sasa mwenye lori alipanda mwenyewe kutoka Dar mpaka mwisho wa barabara, na mwenye kabichi aliuza hapo hapo. Watu walikuwa wanaezeka mabati. Kila aliyekuwa na jembe alitafuta ardhi, na Mjomba alikuwa anakimezea mate kibonde kile: tambarare, udongo mweusi, unyevu mpaka mwezi wa nane.

"Mama anataka tulime mbu," aliniambia kesho yake, tukiwa tumesimama kibondeni. "Wanunuzi wa Kariakoo hawali mbu, mpwa wangu. Wewe umesoma. Sema ukweli, haya mashimo yana kazi gani?"

Nikaahidi kuchunguza. Na nilichunguza kweli, usidhani nilikuwa mzembe. Kule misheni kulikuwa na kipima mvua na daftari lililoandikwa kwa miaka mingi sana, kila mvua na kiasi chake. Nilikaa nalo siku mbili nikilinakili. Wazee walikuwa wanalalamika kwamba mvua si zile, kwamba vuli ya manyunyu imekufa, kwamba masika inachelewa. Mimi nikajumlisha. Mwaka kwa mwaka, miaka ya zamani na ya karibuni, jumla ilikuwa haijapungua. Nikafurahi kama mtu aliyemkamata mwizi.

Kikao cha ukoo kikaitwa. Nilisimama na karatasi yangu nikawaambia: mvua ni ile ile, mlima ni ule ule, mashimo hayaongezi mvua hata tone. Maji yanayosimama bondeni ni maji yaliyopotea. Tuyatoe, tupande. Nikawachorea mfereji wa kina cha goti, unaokata bonde katikati na kutokea korongoni. Nilikuwa mwanamke wa ukoo, na msomi, na nilichosema ndicho Mjomba na vijana wengi walichotaka kusikia. Wakakubali.

Bibi aliomba neno moja tu. Alisema, "Chemchemi ikikauka, mto siwezi. Magoti yangu mnayajua. Chemchemi ikikauka mimi nitashuka huu mlima, na mimi sijui kuishi kwingine."

"Haitakauka, Bibi," nikamwambia.

"Hujui," akasema, kama pale chemchemini. Safari hii hakutania.

Mfereji ukachimbwa. Mashimo yakafukiwa kwa udongo wake, la Patrisi, la fundi wa Ngerengere, yote. La babu walilifukia mwisho. Mimi na Damiani tukafunga ndoa, tukapanga nyumba mjini, nikaanza kazi ofisini, na kabichi za mwaka ule wa kwanza zilikuwa kubwa kiasi kwamba dereva wa lori alipanga nne ambapo alizoea kupanga sita. Mjomba aliniletea mbili mpaka mjini, amezibeba kama watoto mapacha.

Kiangazi hicho ndoo ilijaa kwa Salamu Maria tano. Mjomba akasema Bibi siku hizi anasali haraka.

Kiangazi cha pili ilikuwa kumi, yaani kumi zima la rozari. Nilipopanda kusalimia, nilikwenda moja kwa moja misheni kutazama daftari. Mvua haikuwa imepungua. Nikamwambia Bibi avumilie, ni jambo la kupita. Akaniuliza linapita kwenda wapi.

Kiangazi cha tatu, mwanangu, alimaliza rozari nzima, makumi yote matano, na ndoo haijajaa, na maji yalikuwa na matope. Wanawake wakaanza kushuka mtoni alfajiri. Majirani walijitolea kumchotea Bibi, akapokea siku mbili, ya tatu akakataa. Alisema hawezi kumnywea mtu magoti yake. Akafunga vitu vyake kwenye khanga, akashuka mwenyewe polepole mpaka barabarani, akapanda lori la mboga, mbele na dereva, akaja kwangu mjini.

Hakunilaumu. Ningeweza kuvumilia lawama. Kila asubuhi alikaa kwenye baraza ya nyuma akiutazama mlima. Mgeta huioni ukiwa mjini, iko upande wa pili. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Najua. Nautazama mgongo wake." Maji ya bomba aliyanywa kwa heshima, kama mtu anayekunywa dawa, akasema yana ladha ya funguo. Alikonda. Nilimpeleka hospitali, wakasema hana ugonjwa.

Basi siku moja mwezi wa kumi na moja, mchana, mvua ilishuka. Haikuanza kwa manyunyu kama vuli tulizokuwa tunazijua. Ilidondoka yote kwa pamoja, nusu saa, mabati yakapiga kelele hata hatukusikiana, uwanja ukawa mto, ndala zangu zikaondoka. Kisha jua. Bibi akachukua kijiti, akatoka uwanjani, akainama.

"Njoo na elimu yako," akaniita. "Chimba hapa."

Nikachimba kwa kijiti. Udongo wa juu ulikuwa tope. Chini ya tope, kina cha kidole kimoja tu, kulikuwa na vumbi. Kavu kabisa. Niliushika nikauacha upeperuke, maji yangali yanachuruzika kwenye paa.

"Hii ya leo kwenye daftari lako ungeiandikaje?" akauliza.

"Nyingi, Bibi. Nyingi sana."

"Na ardhi ikiulizwa?"

Nikanyamaza.

Mwanangu wa kwanza alikuwa na miezi saba wakati ule, amekaa kwenye mkeka barazani na bakuli lake la uji. Bibi akamwelekeza kwa kijiti. "Huyu ukimpa uji kwa kijiko, anamaliza bakuli. Ukimmiminia bakuli zima mdomoni, anapaliwa, uji wote unaishia kifuani. Ukipima uji uliotoka jikoni, utasema ameshiba." Akajinyoosha, mkono kiunoni. "Zamani mvua ilikuwa inailisha ardhi kwa kijiko. Wiki mbili, tatu, ukungu na manyunyu. Ilikuwa imeanza kubadilika tangu sijawa mzee. Hatukuwa na namna ya kuikataza. Tulichokuwa nacho ni mahali pa kuyashika maji mpaka ardhi imeze."

Aliyasema bila ukali. Kisha akaenda kutafuta ndala zangu.

Jioni ile nilikwenda kwenye karatasi zangu za misheni, ambazo nilikuwa nimezitunza kwa majivuno, nikafanya kitu ambacho kingenichukua saa moja miaka mitatu nyuma: badala ya kujumlisha kiasi, nilihesabu siku. Siku za mvua zilikuwa zinapungua. Ilikuwa mvua ile ile kwa jumla, lakini imejazana kwenye siku chache, kila siku ikishuka na mzigo wa siku nyingi. Habari yote ilikuwa kwenye daftari hilo hilo, kwa mwandiko mzuri wa watu waliokwisha kufa. Ni mimi niliyeuliza swali moja, nikapata jibu nililolipenda, nikafunga daftari. Mashimo hayakuwa yanaongeza mvua, hilo nililisema sawasawa. Yalikuwa yanaongeza muda. Na mimi nilichora mfereji wa kuuondoa muda huo, katika miaka ile ile ambayo mvua nayo ilikuwa inauondoa.

Damiani alisoma hesabu zangu mara mbili. Akasema, "Jumamosi mimi napanda."

"Kufanya nini?"

"Nina deni la shimo."

Tulipanda wote, mtoto mgongoni. Mjomba Kosmasi tulimkuta kibondeni katikati ya kabichi zake, na hazikuwa kabichi za mwaka wa kwanza. Mvua kama ile ya mjini ilikuwa imepita huko pia, imebeba udongo mweusi, imeutupa korongoni kwa njia ya mfereji wangu. Vitalu vya kiangazi alikuwa ameviacha, maji ya kumwagilia hayakuwepo. Damiani alimsalimia, akavua shati, akachagua mahali, akaanza kuchimba.

"Umechelewa miaka mitatu, mkwe," Mjomba akamwambia.

"Nilikatazwa, Mjomba."

"Na hapo ulipo ni kwenye kabichi zangu."

"Naona. Nitazihamisha kwa adabu."

Nilidhani watagombana. Mjomba alikung'uta udongo kwenye jembe lake. Halafu akauliza, bila kumtazama mtu, "Mama hajambo?"

"Hajambo," nikasema. "Anasema maji ya bomba yana ladha ya funguo."

Mjomba akaweka jembe begani. Alitembea mpaka mahali mfereji unapotokea korongoni, akaanza kuuziba. Nikampa jirani mtoto, nikamfuata. Hakuna mwanamke wa ukoo wetu aliyewahi kuchimba Bonde la Wakwe, na watu walikuja kutazama. Mama mmoja alisema kwa sauti kwamba kwa kuwa bibi harusi anachimba, bwana harusi na apike. Damiani akasema anajua kupika. Wakacheka, na walipomaliza kucheka baadhi yao walikwenda kuchukua majembe. Tulichimba Jumamosi ile na nyingine nyingi zilizofuata. Pale palipokuwa shimo la babu tulipakumbuka vibaya, tukabishana. Mjomba alisema hapa, wengine wakasema pale. Mwishowe tukachimba pote pawili.

Masika ilipopita, ndoo ilijaa kwa kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi. Nilimwambia Bibi kwa wasiwasi, nikijua si tatu. Alikuwa ameshaanza kufunga khanga yake. "Kumi moja linanitosha," akasema. "Mimi nina muda wa kusali." Akarudi kwake, mbele na dereva.

Aliishi miaka sita tena. Chemchemi ilipona polepole, mwaka hatua moja, mwaka mwingine hapana. Nakumbuka vuli yake ya mwisho nilimkuta kibondeni ameketi ukingoni mwa moja ya yale mashimo mawili ya babu, anatoa tope kwa kijembe kidogo, konzi kwa konzi. Ndoo wakati ule ilikuwa Salamu Maria saba. Nikamwonea huruma. Nikamwambia, "Bibi, pumzika. Kwa mwendo huu ikifika tatu wewe hutakuwepo. Unamchimbia nani?"

Hakuinua kichwa. Akasema, "Ulipokuwa unakunywa hukuuliza nani alikuchimbia."

Alizikwa mwezi wa sita, mlimani kwake, kama alivyotaka. Waliopika msibani walichota maji chemchemini. Mimi nilisimama na ndoo nikasali. Ilikuwa sita.

Haya, mwanangu. Nimekusimulia kwa sababu sasa bonde liko mikononi mwangu, na kila mwaka anakuja mmoja wenu, amesoma kuliko mimi, ana simu yenye picha za mlima zilizopigwa kutoka angani, ananiuliza kwa nini tambarare nzuri hivi haina pilipili hoho. Sitakuambia uache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha, na mvi hizi hazijanifanya niamini kila kinachosemwa na mzee. Wala sitakuambia kila ubaya umeletwa na mabadiliko ya tabianchi. Ule mfereji niliuchora mimi, kwa rula. Ninachokuomba ni hiki: ukishapata jibu linalokupendeza, liulize tena. Uliza kipimo chako kinapima nini, na uliza kisichopimwa kiko wapi. Mimi kosa langu halikuwa kuhoji. Kosa langu lilikuwa kuacha kuhoji mapema.

Mvua za siku hizi unaziona. Hazifanani hata na zile za ujana wangu, sembuse za Bibi. Zinachelewa, zinakatika, zikija zinakuja kwa kishindo na kuondoka na udongo. Hilo wewe na mimi hatuwezi kulizuia kwa jembe. Lakini mahali maji yanapoangukia ni petu. Popote utakapojenga, acha sehemu ya uwanja bila saruji. Popote utakapolima mteremko, lima kukata mteremko, weka makinga maji, chimba shimo juu ya shamba kabla hujachimba kisima chini yake. Na ukimwita mwenye mtambo akuchimbie kisima kirefu pale mjini, kama kila mtu sasa, muulize kinajazwa na nini, mvua ipi, inayoingilia wapi. Asipojua, msizoee wote wawili kunywa kitu msichojua kinakotoka.

Na ukija kuoa kwetu, au ukimleta wa kukuoa, sururu iko nyuma ya mlango.

Mungu akupe mvua ya kijiko, mwanangu. Akupe magoti ya kupanda na watu wa kuchimba nao. Akupe kiu ya kawaida, na maji ya kuitosha, na akili ya kumwachia atakayekuja.

Limebaki swali la Bibi. Jibu lake nililipata nikiwa nimeshastaafu. Alikuja binti mmoja mtaalamu wa maji, akajaza vichupa pale kwenye mwanzi, akaondoka navyo, na baada ya miezi akarudi na majibu. Alisema maji yale si ya masika iliyopita. Yamo machache ya karibuni, lakini mengi yalikuwa yamekaa chini ya mlima miaka mingi kuliko umri niliokuwa nao siku ile ya kikombe cha bati. Nikambishia. Kama ni ya zamani hivyo, mbona tulipofukia mashimo chemchemi ilikonda ndani ya miaka mitatu? Akafikiri, akaniuliza kama nazikumbuka foleni za sukari. Nikasema nazikumbuka sana. Akasema ni hivyo hivyo: anayeingia nyuma anasukuma, anayetoka mbele ni mwingine kabisa, na wasipoingia watu nyuma, mbele panalegea.

Kwa hiyo maji aliyonikingia Bibi yalikuwa ya mvua iliyonyesha kabla sijazaliwa.